Chiarelli au Holland: tuwapime kwa mikataba waliyosaini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie hoja ambayo hapa Edmonton haijapoa hata sasa. Wasomaji wako wengi tuliohamia Kanada kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania tumejikuta tumo ndani yake, kwa kuwa watoto wetu wanakua na hoki ya barafu kama sisi tulivyokua na kandanda. Hoja yenyewe inawahusu mameneja wakuu wawili walioiongoza klabu ya Edmonton Oilers katika miaka ya nyota wake Connor McDavid: Peter Chiarelli, aliyekuwapo kuanzia Aprili 2015 hadi Januari 2019, na Ken Holland, aliyeshika kazi Mei 2019 na kuondoka Juni 2024. Ni nani kati yao aliyeifanya kazi hiyo vizuri zaidi?

Jibu linalosikika kila mahali ni fupi, kwamba Chiarelli alibomoa na Holland akajenga, na wanaotaka kulitia nguvu huongeza kwamba Holland alitwaa makombe matatu ya ubingwa wa ligi akiwa Detroit ilhali Chiarelli alitwaa moja tu akiwa Boston. Mimi pia naamini kwamba Holland alifanya kazi nzuri zaidi. Nisichokubali ni sababu zinazotolewa, na nisingesumbuka kuandika kama sababu hizo zisingekuwa na madhara. Edmonton iliwaajiri watu wote hawa wawili kwa kutazama kombe walilokwisha kulibeba kwingine, na gharama ya kutazama hivyo ililipwa kwa miaka ya ujana ya mchezaji bora wa kizazi hiki.

Kwa wasomaji wasioufuatilia mchezo huu, ni haki nieleze kwanza kazi yenyewe. Meneja mkuu katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, si kocha. Hapangi kikosi wala hasimami nyuma ya benchi. Yeye ndiye anayesajili, anayebadilishana wachezaji na klabu nyingine, anayechagua vijana siku ya drafti, yaani siku klabu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, na anayemwajiri huyo kocha. Mchezaji haendi klabu nyingine kwa mauzo ya fedha kama ilivyo katika kandanda ya Ulaya. Hubadilishwa kwa mchezaji mwenzake, au kwa zamu ya kuchagua kijana katika drafti ijayo. Tena tangu msimu wa 2005-06 kuna kikomo cha mishahara, kilichoanza kwa dola milioni 39 kwa kila klabu na kufikia milioni 83.5 msimu wa 2023-24, na tajiri haruhusiwi kukivuka kwa sababu tu anazo. Kila dola anayopewa mchezaji mmoja imeondolewa kwa mwingine, na mkataba mbaya wa miaka saba unaweza kumfunga mikono hata meneja ambaye hakuusaini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la kila mmoja wa mabwana hawa ndilo ninaloomba tulifungue.

Nianze na makombe, kwa kuwa ndiyo yaliyowapa kazi. Boston iliifunga Vancouver katika fainali ya 2011 iliyofika mechi ya saba, na miaka miwili baadaye ikarudi fainali na kushindwa na Chicago. Sifa za Chiarelli katika mafanikio hayo ni za kweli: alimwajiri kocha Claude Julien mwaka 2007, akamleta Nathan Horton kutoka Florida mwaka 2010, na alipompeleka Phil Kessel Toronto mwaka 2009 alipata zamu mbili za duru ya kwanza na moja ya duru ya pili. Hata hivyo Patrice Bergeron na David Krejčí walichaguliwa na Boston kabla hajafika, golikipa Tim Thomas alikuwapo tayari, na Brad Marchand na Tuukka Rask waliingia klabuni Juni 2006, wakati Jeff Gorton alipokuwa akikaimu nafasi hiyo kwa kuwa Chiarelli alikuwa bado hajaachiwa na Ottawa. Moja ya zamu alizopata kwa Kessel ilimleta Tyler Seguin, kijana aliyechaguliwa wa pili katika drafti ya 2010. Julai 2013, Seguin akiwa na miaka 21, Chiarelli alimpeleka Dallas, na katika msimu wake wa kwanza huko kijana huyo alifunga mabao 37. Naomba msomaji aikumbuke safari hiyo ya Seguin, kwa sababu Edmonton iliiona tena.

Upande wa Holland, kombe la 1998 alilipata na kikosi ambacho kilikuwa kimetwaa kombe mwaka mmoja kabla, yeye akiwa msaidizi. La 2002 lilipatikana kabla ya kikomo cha mishahara, baada ya Detroit kuwaongeza Dominik Hašek, Brett Hull na Luc Robitaille katika kiangazi kimoja cha 2001, jambo ambalo leo haliwezekani. La 2008 ndilo ninalolihesabu kuwa lake kwa dhati, kwa sababu lilitwaliwa ndani ya kikomo na nguzo zake mbili zilikuwa Pavel Datsyuk, aliyechaguliwa wa 171 mwaka 1998, na Henrik Zetterberg, aliyechaguliwa wa 210 mwaka 1999, wote wakiwa vijana walioonwa na skauti wake Håkan Andersson. Detroit ilicheza hatua ya mtoano misimu 25 mfululizo hadi 2016. Misimu mitatu ya mwisho ya Holland huko haikuingia hata mara moja, ikiwa imeelemewa na mikataba mirefu ya wachezaji waliokwisha kupita kilele chao. Mtu aliyesoma wasifu wote wawili hadi ukurasa wa mwisho asingeweza kusema kwamba mmoja ni bingwa na mwingine ni mbabaishaji.

Sasa tuje Edmonton. Chiarelli aliajiriwa siku chache baada ya klabu kushinda bahati nasibu ya kuchagua wa kwanza katika drafti ya 2015, maana yake alikuta McDavid anamsubiri. Chini ya kanuni za ligi, mkataba wa kwanza wa kijana ni wa miaka mitatu na mshahara wake una ukomo. McDavid alihesabiwa kwa dola pungufu ya milioni 4 kwa mwaka pamoja na marupurupu, na baada ya miaka hiyo mitatu hesabu yake ikapanda hadi milioni 12.5. Katika ligi yenye kikomo cha mishahara hakuna hazina inayozidi hiyo: mchezaji aliyekwisha kuwa bora duniani kwa malipo ya mchezaji wa kawaida. Kila ninapopima kazi ya Chiarelli ninarudi kwenye swali hilo moja, alichokifanya na miaka hiyo mitatu.

Siku ileile ya drafti alitoa zamu ya 16 na ya 33 kwa New York Islanders ili ampate beki Griffin Reinhart. Islanders waliitumia ile ya 16 kumchukua Mathew Barzal, ambaye mwaka 2018 alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa ligi nzima. Reinhart aliichezea Edmonton mechi 29, kisha akachukuliwa na Las Vegas ilipoanzishwa klabu mpya huko.

Tarehe 29 Juni 2016 alimpeleka Taylor Hall New Jersey na kumpata beki Adam Larsson, mtu mmoja kwa mtu mmoja. Hapa sharti nimtendee haki: Edmonton ilikuwa na uhaba mkubwa wa mabeki, Larsson alikuwa beki mzuri mwenye mkataba wa bei nafuu, na klabu zote ligini zilijua kwamba Edmonton ina shida hiyo, kwa hiyo zilikuwa zikiuza ghali. Lakini hapo ndipo penye kosa. Aliyekwenda sokoni huku shida yake inajulikana na kila muuzaji alipaswa kungoja, au kutafuta beki mahali pengine kwa njia nyingine, na si kutoa winga bora aliyekuwa naye, aliyefungwa na mkataba wa dola milioni 6 kwa mwaka hadi 2020. Alifanya kama mfugaji anayeuza ng'ombe wa maziwa ili apate mabati ya banda. Mwaka 2018 Hall alifunga mabao 39 na kutunukiwa tuzo ya Hart, ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote katika ligi.

Siku mbili baada ya Hall kuondoka, nafasi na fedha zake zilikwenda kwa Milan Lucic, aliyemjua tangu Boston, kwa mkataba wa miaka saba wa jumla ya dola milioni 42. Mkataba huu unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake yamo makosa karibu yote ambayo meneja anaweza kuyafanya katika karatasi moja. Ulimpa miaka saba mchezaji aliyekuwa na umri wa miaka 28 na ambaye mchezo wake ulitegemea nguvu za mwili. Ulimpa kinga ya kutohamishwa bila ridhaa yake. Sehemu kubwa ya malipo ilipangwa kama bonasi za kusaini, ambazo kwa kanuni za ligi hazipunguziki klabu inapotaka kuuvunja mkataba, hivyo hata mlango wa dharura ulifungwa kwa kufuli siku ileile ya kusaini. Lucic alifunga mabao 23 msimu wa kwanza, 10 wa pili na 6 wa tatu. Simlaumu mchezaji, ambaye alijituma na kuheshimiwa na wenzake. Aliyesaini upande wa klabu ndiye mwenye kujibu.

Habari ya Jordan Eberle naipitia haraka. Alipelekwa Islanders Juni 2017 kwa Ryan Strome, Strome akapelekwa New York Rangers Novemba 2018 kwa Ryan Spooner, na msimu haukwisha kabla Spooner naye hajaondoka. Strome alistawi Rangers.

Matokeo yakawa hivi: pointi 70 msimu wa 2015-16, ambao McDavid aliukosa kwa karibu nusu baada ya kuvunjika mfupa wa bega, pointi 103 msimu uliofuata, pamoja na ushindi dhidi ya San Jose na kutolewa na Anaheim katika mechi ya saba, kisha pointi 78, na katikati ya msimu wa nne Chiarelli akafukuzwa. Siku moja kabla ya kufukuzwa alikuwa amempa golikipa Mikko Koskinen, aliyekuwa bado hajamaliza msimu wake wa kwanza na klabu hiyo, miaka mitatu zaidi kwa dola milioni 4.5 kila mwaka.

Hadi hapa naonekana nimeungana na wale wanaosema alibomoa. Lakini daftari lina kurasa nyingine ambazo watu hawazisomi. Agosti 2017 Chiarelli alimpa Leon Draisaitl mkataba wa miaka minane kwa dola milioni 8.5 kwa mwaka, na wengi wakati ule walisema amelipa kupita kiasi. Mkataba huo uligeuka kuwa mojawapo ya mikataba yenye faida kubwa kuliko yote katika ligi: ndani ya muda wake Draisaitl alitunukiwa Hart mwaka 2020 na alifikisha mabao 50 katika misimu minne, na bei yake halisi ilionekana Septemba 2024 alipoongezewa mkataba kwa dola milioni 14 kwa mwaka. Fedha zilizookolewa hapo kila msimu ndizo Holland alizozitumia kusajili wengine. Beki Evan Bouchard alichaguliwa na Chiarelli wa 10 mwaka 2018, na golikipa Stuart Skinner katika duru ya tatu mwaka 2017. Hao wote watatu walikuwa barafuni Edmonton ilipofika fainali, miaka mitano baada ya aliyewaleta au kuwafunga kwa mkataba kufukuzwa kazi. Siungi mkono kumwita mtu mbomoaji wakati nusu ya nyumba inasimama juu ya nguzo zake.

Ubora wa Holland, kwa maoni yangu, ulikuwa katika yale ambayo hakuyafanya. Katika misimu mitano hakumtoa mchezaji hata mmoja wa kimo cha Hall. Klabu iliposhindwa na Chicago mwaka 2020, na ikafungwa na Winnipeg mechi nne kwa sifuri mwaka 2021, kelele za kutaka kikosi kivunjwe zilikuwa kubwa mno mjini hapa, na meneja mwingine angekwenda sokoni na shida yake mkononi. Yeye alikaa. Alikwisha kumwondoa Lucic Julai 2019 kwa kumpeleka Calgary na kumchukua James Neal, ambaye mkataba wake angalau uliweza kuvunjwa, na baada ya miaka miwili ukavunjwa. Kiangazi hichohicho cha 2021 akamsajili Zach Hyman kutoka Toronto kwa miaka saba, dola milioni 5.5 kwa mwaka. Wapo waliosema ni Lucic mwingine, kwa kuwa miaka ni ileile na umri unakaribiana. Tofauti ni kwamba Hyman hakununuliwa kwa jina; alinunuliwa kwa kazi yake mbele ya lango, kazi inayomfaa mtu anayecheza pamoja na McDavid, na mabao yake yalipanda kutoka 27 hadi 36 na hatimaye 54, halafu 16 zaidi katika mtoano wa 2024.

Februari 2023 alimleta beki Mattias Ekholm kutoka Nashville kwa kumtoa Tyson Barrie, kijana mmoja wa drafti, na zamu mbili. Nafasi ileile ambayo Chiarelli aliijaza kwa kumtoa Hall, Holland aliijaza bila kugusa nguzo yoyote. Kati ya mechi 21 za msimu wa kawaida alizocheza Ekholm mwaka huo, Edmonton ilishinda 18. Mtu akiniuliza tofauti ya mameneja hawa iko wapi, nitamwonyesha Larsson na Ekholm, mabeki wawili wazuri waliopatikana kwa bei mbili ambazo haziwezi kulinganishwa.

Wala sitaki kumpamba. Darnell Nurse alipewa dola milioni 9.25 kwa mwaka hadi 2030, na ingawa ni beki anayejitoa kwa moyo wote, kiwango hicho ni cha mabeki wachache walio juu ya ligi. Duncan Keith alichukuliwa kutoka Chicago akikaribia kutimiza miaka 38 pamoja na mshahara wake wote, bila Chicago kubeba hata senti. Golikipa Jack Campbell alisajiliwa Julai 2022 kwa miaka mitano, dola milioni 5 kwa mwaka. Mwanzoni mwa msimu wake wa pili, baada ya mechi tano tu, alikuwa ameshushwa timu ya chini, na mwaka 2024 mkataba ukavunjwa kwa gharama itakayokaa katika hesabu za klabu hadi 2030. Kwa upande wa magolikipa hawa mabwana ni ndugu: kila mmoja alitoa mkataba kwa hofu, na kila mara ni mrithi aliyebaki na mzigo.

Hata hivyo matokeo ya Holland hayana ubishi. Misimu yake mitatu kamili baada ya janga la korona ilileta pointi 104, 109 na 104. Klabu ilishinda awamu sita za mtoano katika miaka hiyo mitatu, ikafika nusu fainali mwaka 2022, na mwaka 2024 ikafika fainali kwa mara ya kwanza tangu 2006. Alikuwa tayari kubadilisha kocha msimu ukiendelea, mara moja Februari 2022 na mara ya pili Novemba 2023 baada ya klabu kushinda mechi tatu tu kati ya 13, na mara zote mbili kikosi kiliinuka. Baada ya mabadiliko ya pili kilishinda mechi 16 mfululizo, moja pungufu ya rekodi ya ligi.

Katika fainali hiyo dhidi ya Florida, Edmonton ilikuwa nyuma kwa mechi tatu kwa sifuri, ikazisawazisha, na tarehe 24 Juni 2024 mjini Sunrise ikacheza mechi ya saba. Walipofungwa, Mattias Janmark alisawazisha, na katika kipindi cha pili Sam Reinhart akaifungia Florida bao la pili, lililoamua kombe. Sam ni mdogo wake Griffin Reinhart, yuleyule aliyenunuliwa na Chiarelli siku ya drafti ya 2015 kwa bei iliyomleta Barzal kwingineko. Najua kwamba hiyo ni bahati ya majina tu na haithibitishi kitu, lakini kwa sisi tuliotazama usiku ule ilikuwa vigumu kutolihesabu tena lile soko la kwanza, na kutojiuliza kikosi kingekuwaje kama Hall au Barzal angekuwa amevaa jezi ya rangi ya chungwa.

Limebaki jambo moja ambalo sijaliona likijadiliwa ipasavyo. Mkataba wa Holland ulipokwisha Juni 2024, vijana wawili aliowachagua mwenyewe katika duru ya kwanza, Philip Broberg na Dylan Holloway, walikuwa bado hawajasaini upya. Agosti, klabu ikiwa imekwisha kumwajiri Stan Bowman kuwa meneja mkuu mpya, St. Louis iliwapa vijana hao ofa ambazo Edmonton ilikuwa na siku saba za kuzifikia kwa malipo yaleyale ili iwabakize, na kwa kuwa hesabu ya mishahara ilikuwa imebana haikufanya hivyo. Ikapokea fidia ya zamu moja ya duru ya pili na moja ya duru ya tatu. Holloway alivuka pointi 60, yaani mabao na pasi za mabao kwa jumla, katika msimu wake wa kwanza St. Louis. Wengi wameiandika hasara hiyo katika daftari la waliomrithi Holland. Mimi naiandika nusu kwa nusu, kwa sababu fedha za kuwabakiza zilikuwa zimekwisha kutumika katika mikataba ya Nurse na Campbell, ambayo yeye ndiye aliyeisaini. Tangu Mei 2025 Holland ni meneja mkuu wa Los Angeles Kings, klabu ambayo Edmonton yake iliitoa katika mtoano miaka mitatu mfululizo, na mashabiki wa huko watafanya vyema kutazama mkataba atakaompa golikipa kabla ya kuhesabu makombe yake ya Detroit.

Wako mtiifu,
Msomaji, Edmonton, Kanada